Kuacha kuuliza "Mmeelewa?": shajara ya vibao vya mkononi, Kidato cha Kwanza, Tanga, 2025

Nafundisha Hisabati Kidato cha Kwanza katika shule moja ya kata hapa Tanga mjini. Mkondo wangu una wanafunzi 71, ubao mmoja ukutani na vipindi vya dakika 40. Wengi wametoka shule za msingi za Ngamiani, Makorora na Mabawa, ambako walisoma Hisabati kwa Kiswahili. Shajara hii naiweka kwa ajili ya walimu wenzangu wanaotaka kujaribu kazi hii hii: kila mwanafunzi anaandika jibu lake kwenye kibao kidogo cha mkononi na kukiinua mwalimu alione. Nitaandika nilichofanya, kilichoharibika na shilingi zilizotoka. Kila hatua ikiisha naongeza tarehe.

24 Januari: jibu la 2/5

Wiki nzima tumerudia sehemu, kwa sababu asiyejua sehemu atahangaika na uwiano, asilimia na aljebra hadi Kidato cha Nne. Kila baada ya mfano niligeuka nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia kwa sauti moja, "Ndiyooo, madam!" Nikafuta ubao, nikaendelea.

Leo nimewapa jaribio la maswali matano. Swali la tatu lilikuwa kujumlisha nusu na theluthi. Wanafunzi 46 kati ya 71 wameandika 2/5.

Nilizipitia karatasi moja moja. Walijumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili: moja na moja, mbili; mbili na tatu, tano. Jibu hilo ukilitazama linajikana lenyewe, maana 2/5 ni ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo. Una nusu mkate, unaongezewa theluthi, halafu unabaki na pungufu ya nusu? Lakini hakuna aliyelitazama jibu lake, na mimi sikuwa nimewafundisha kulitazama.

Baada ya masomo nilimwita binti mmoja anayekaa dawati la tatu, upande wa dirishani. Mtoto msikivu, daftari lake safi. "Mwanangu, mbona nilipouliza ulisema umeelewa?" Akainamisha kichwa, kisha akasema polepole, "Madam, wote walisema ndiyo."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Mtoto wa huku pwani amelelewa asimwaibishe mkubwa. Kusimama mbele ya watu 70 na kusema "sijaelewa" kwake ni kama kumwambia mwalimu kwamba hakufundisha vizuri. "Ndiyo" yake ni adabu, haina habari yoyote juu ya sehemu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiichukua kama habari.

Basi nimeamua: "Mmeelewa?" siiulizi tena mwaka huu. Badala yake nataka kila mtoto anionyeshe jibu lake, wote kwa mpigo mmoja, kabla sijahama kwenda hatua nyingine. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa Uingereza walichapisha mapitio makubwa ya tafiti kuhusu upimaji unaofanyika katikati ya kufundisha. Jambo walilolisisitiza ni kwamba kupima huko kuna faida pale tu mwalimu anapobadilisha somo kutokana na alichokiona. Ili nibadilishe, lazima kwanza nione. Hapo ndipo vibao vinapoingia.

3 Februari: plastiki na kalamu za wino (imeshindikana)

Nilianza na njia iliyoonekana rahisi. Unachukua zile plastiki angavu za kuwekea karatasi kwenye faili, unatia karatasi nyeupe ndani, mwanafunzi anaandika juu kwa kalamu ya wino wa kufutika. Plastiki 40 kwa shilingi 200 ni 8,000. Kalamu 10 kwa 1,000 ni 10,000. Kibao kimoja kwa wanafunzi wawili.

Siku ya kwanza ilipendeza. Siku ya nne kalamu sita zilikuwa zimekauka, kwa sababu vifuniko viliachwa wazi na joto la Februari la Tanga sote tunalijua. Wino uliokaa juu ya plastiki usiku kucha haukufutika tena. Wakajaribu kwa mate, ukawa ukungu wa bluu. Na kuna kosa lililokuwa kubwa kuliko wino: kibao kimoja kwa wawili kilimpa mmoja kazi na mwingine mapumziko. Mwenye uwezo aliandika, mwenzake akasaidia kukiinua.

Zimekwenda shilingi 18,000. Nimejifunza mawili: iwe chaki, na iwe kila mtu na chake.

15 Februari: hadibodi

Shuka moja ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 nimeinunua kwa 22,000. Mzazi wa mwanafunzi wangu ni fundi seremala kule Ngamiani. Tulikaa na penseli tukapiga hesabu. Ukikata vipande vya inchi 12 kwa 8 unapata vinne upande huu na kumi na viwili upande ule, jumla 48. Msumeno unakula kidogo, lakini upungufu hauonekani kwa macho. Kukata na kulainisha pembe, 8,000.

Hapo nikafanya haraka. Nilipita duka la vifaa vya ujenzi nikaomba "rangi nyeusi", nikapewa lita moja ya rangi ya mafuta kwa 14,000, na brashi 3,000. Tulipaka Jumamosi nzima kwenye varanda ya darasa, wanafunzi wanane na mimi. Vibao vilitoka vinang'aa kama viatu vya ukumbini.

22 Februari: kurekebisha rangi

Kung'aa huko ndiko kulikotuangusha. Chaki haishiki juu ya rangi inayong'aa, inateleza kama kucha juu ya sahani. Ukikandamiza, inakatika. Hata palipoandikika, mwanga wa dirishani uliakisi kiasi kwamba nikiwa mbele sikuona kitu.

Marekebisho yenyewe, kwa anayetaka kufuata, ni haya. Tulikwangua kila kibao kwa msasa mpaka ule mng'ao ukatoka kabisa. Karatasi nne za msasa, 4,000. Kisha nikanunua rangi ya ubao yenyewe, ile inayokauka bila kung'aa, lita moja 18,000. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili: mkono wa kwanza unaachwa hadi kesho yake, na kwa hewa yetu ya bahari yenye unyevu bora siku mbili. Kaushia kivulini, vile tulivyoanika juani vilijikunja. Usisahau kupaka kingo na upande wa nyuma angalau mkono mmoja, maana hadibodi hunywa maji kwa pembeni. Mimi kingo nilizisahau, na ililipiza baadaye.

Kibao kipya kisiandikwe hivi hivi. Laza kipande cha chaki ubavu, sugua kibao chote kiwe cheupe, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Usipofanya hivyo, maandishi ya kwanza yatabaki kama kovu na hayatoki. Walimu wazee wanalifahamu hili kwa ubao wa ukutani.

Vitambaa vya kufutia ni kanga kuukuu tulizochana. Gharama hakuna.

28 Februari: siku za kwanza

Vibao ni 48, wanafunzi 71. Kwa sasa nimegawa darasa: safu mbili zina kibao kila mtu, safu ya tatu wanaandika nyuma ya daftari kwa herufi kubwa. Safu zinabadilishana kila kipindi.

Swali la kwanza: kipi kikubwa, 1/3 au 1/4? Walioandika 1/4 walikuwa wengi kuliko nilivyoogopa, na sababu yao ilikuwa moja: nne ni kubwa kuliko tatu. Jambo hilo nililiona ndani ya nusu dakika. Mwezi uliopita nilisubiri karatasi za Ijumaa ndipo nilijue. Nikachora mikate miwili iliyo sawa ubaoni, mmoja nikaukata kwa watu watatu, mwingine kwa wanne, nikawauliza wangependa kukaa meza ipi. Nikauliza tena kwa namba nyingine, 1/5 na 1/8, na vibao vikabadilika.

Lakini pana matatizo matatu, na haya ndiyo nataka wenzangu wayasome kwa makini.

La kwanza ni kunakili. Walioandika upesi waliinua upesi, na wengine wote wakasoma kwao. Nimeweka sheria: kibao kinalala kifudifudi juu ya dawati mpaka niseme "moja, mbili, juu!" Vinapanda pamoja, na kikishapanda hakishuki kubadilishwa. Siku ya pili ya sheria hiyo aina za majibu ziliongezeka, na nililifurahia hilo, kwa sababu makosa yalikuwapo siku zote na sasa yalikuwa yakijitokeza.

La pili ni macho yangu. Vibao 48 kwa mpigo ni vingi. Nilikuwa natafuta jibu sahihi, nikiliona nafurahi, napita. Sasa kabla ya kuingia darasani naandika kwenye andalio la somo majibu mawili ya kosa ninayoyatarajia na sababu ya kila moja. Nikijua natafuta 2/5, nayaona yote kwa kupitisha macho mara moja.

La tatu ni michoro. Wavulana wa nyuma walichora bendera za Wagosi wa Kaya, yaani timu ya soka ya Coastal Union, mechi yao ilipokaribia. Sikugombana nao. Dakika moja ya kwanza, wakati nasahihisha mahudhurio, wanachora watakacho. Nikipiga meza wanafuta.

Pia yupo binti wa dirishani. Aliinua kibao chini ya kidevu, amekifunika nusu kwa kiganja, namba zimeandikwa ndogo kama za risiti. Nimeongeza kanuni moja zaidi: asiyejua aandike alama ya kuuliza, kubwa, na hiyo inahesabika kuwa jibu. Bado hajaitumia.

14 Machi: Ramadhani

Wengi wa wanafunzi wangu wamefunga. Kipindi cha mwisho cha mchana macho yanakuwa mazito, na kelele za kuinua vibao zinasaidia kuwaweka macho kuliko maneno yangu. Ila lilizuka swali nisilolitarajia: mwanafunzi aliuliza kama vumbi la chaki likiingia puani funga inabatilika. Mwalimu wa dini alikuja akawajibu kwamba vumbi linaloingia bila kukusudiwa halibatilishi. Hata hivyo sasa tunafuta kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Vumbi limepungua sana, na mwanafunzi wangu mwenye pumu anapumua vizuri. Ningelianza hivyo tangu mwanzo.

21 Machi: Kange, Pongwe, Muheza

Nilimwomba mwalimu mwenzangu wa Jiografia akae nyuma ya darasa na saa ya simu, apime muda ninaosubiri baada ya kuuliza. Mara nyingi ulikuwa sekunde moja, mara chache mbili. Halafu nilimtaja yule yule aliyenyoosha mkono kwanza, au nilijijibu mwenyewe.

Si mimi peke yangu. Mary Budd Rowe wa Marekani alipima jambo hili katika madarasa ya sayansi, na matokeo aliyoyatoa miaka ya 1970 yalikuwa hayo hayo: mwalimu husubiri kama sekunde moja. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuchangia.

Sekunde tatu za ukimya ni ndefu mno ukiwa umesimama mbele ya watu 71. Nilipojaribu kuhesabu moja, mbili, tatu, nilikimbia. Kwa hiyo nahesabu vituo vya basi moyoni, kwa mwendo wa kutamka jina zima: Kange, Pongwe, Muheza, Hale, Segera. Swali jepesi naishia Muheza. Swali gumu nafika Segera. Wanafunzi walidhani nimesahau somo. Baada ya wiki mbili walizoea, na wanautumia muda huo kuandika.

25 Aprili: maswali matatu ya kukumbuka

Kila kipindi sasa kinaanza na maswali matatu ubaoni: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Daftari zimefungwa. Yanajibiwa kwenye kibao, dakika sita.

Chanzo cha wazo hili ni cha zamani. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha jinsi kusahau kunavyokwenda kasi mwanzoni. Na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo maandishi ya kusoma: baadhi waliyarudia kuyasoma, wengine walijipima kwa kuyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Nilipolisoma hili nilifikiria madaftari ya wanafunzi wangu yaliyopigiwa mistari ya rangi chini ya kila kanuni, na ni kiasi gani wanabaki nacho yakifungwa.

Nilikosea katika kuweka alama. Wiki mbili za mwanzo nilizirekodi kwenye kitabu cha mahudhurio, nikidhani zitawapa ari. Zilileta hofu. Kunakili kukarudi, na wawili wakaanza kuchelewa makusudi ili wakute maswali yamefutwa. Nimeacha alama kabisa. Sasa wanajisahihisha wenyewe, na anayekosa anaandika swali hilo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari ili tukutane nalo tena. Waliokuwa wakichelewa wanafika kwa wakati.

Shuka ya pili ya hadibodi imenunuliwa, 22,000. Fundi kakata kwa 6,000. Kifuniko cha kopo la rangi sikukikaza mwezi wa pili, nikakuta rangi imeganda kama lami. Nimenunua nusu lita nyingine, 10,000. Tumepaka vipande 24, sasa kila mtoto ana chake na kimoja ni cha akiba. Vipande 24 vilivyobaki nimevihifadhi bila kupaka.

16 Mei: mvua juu ya bati

Masika imeshika. Jumatano mvua ilianza dakika ya tano ya kipindi cha namba hasi. Darasa letu halina dari. Mwalimu yeyote aliyefundisha chini ya bati anajua kinachofuata: unafungua mdomo na sauti haifiki hata dawati la kwanza. Miaka yote mvua kama hiyo ilimaanisha "someni kimya kimya".

Safari hii niligeuka ubaoni nikaandika: −4 + 7. Nikanyoosha vidole, kimoja, viwili, mkono juu. Vibao 71 vikapanda. Wengi walipata 3. Nikaandika: −4 − 7. Nikahesabu hadi Hale, mkono juu. Nikaona 11, nikaona 3, nikaona −3, na −11 chache.

Nilichora nguzo ya gati yenye alama ya sifuri katikati, namba zikipanda juu na kushuka chini, na mstari wa maji. Watoto hawa wamekulia karibu na bahari. Raskazone na Sahare wanaona maji yakijaa na kupwa kila siku. Nikachora maji yakiwa alama nne chini ya sifuri. Nikaonyesha mshale unaoshuka na 7 pembeni yake. Nikawapa chaki mkononi, nikaweka alama ya kuuliza penye kina kipya.

Mvulana mmoja wa dawati la mbele alikuwa akishusha kidole hewani, alama moja moja, midomo ikisogea. Alipofika mwisho alinitazama kwa mshangao, akafuta 11 yake kwa kiganja kizima na kuandika −11. Vibao vilipopanda mara ya pili, niliona 11 mbili tu na 3 moja. Nikaenda kwa hao watatu nikachora kwenye vibao vyao wenyewe. Tulimaliza maswali tisa. Sijatamka neno kwa dakika 35, na sijawahi kujua fikra za darasa langu vizuri kama siku hiyo.

Upande wa hasara: kingo ambazo sikuzipaka zimevimba. Vibao saba vya mwanzo vimechanua pembe kama biskuti iliyochovywa. Nimevikausha, nikakata kingo kwa kisu, nikapaka. Vitatu havikupona, nimepaka vingine kutoka akiba kwa rangi iliyobaki.

18 Julai: Bandari na Reli

Muhula wa pili. Vibao vinaonyesha jibu. Havionyeshi mtu alivyofikiri. Kwa hiyo nimeongeza mazungumzo ya wawili wawili: kwanza fikiri peke yako na uandike, kisha mweleze jirani, kisha vibao juu.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto akiingia sekondari anakuta karibu kila somo kwa Kiingereza. Nilipowaambia wajadili kwa Kiingereza, darasa lilinyamaza. Mwanafunzi anayeijua KDS (kigawe kidogo cha shirika) vizuri, aliyeitafuta mara mia huko msingi, alikaa kimya kwa sababu tu herufi za Kiingereza za kitu hicho hicho ni nyingine. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi kuhusu lugha ya kufundishia na ukimya unaozuka darasani, na mimi nilikuwa nikiutazama ukimya huo kwa macho yangu.

Sasa wanajadili kwa lugha inayowatoka, na sentensi ya mwisho wanaiandika kwenye kibao kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho watakachopimwa nacho mwakani katika upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili. Ukutani nimebandika kadi za manila, shilingi 2,000, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili: kiasi, asili, KDS, namba hasi, mlinganyo. Kadi inabandikwa baada ya neno kutumika darasani, na mwanafunzi ndiye anayeiandika. Zile nilizobandika mwenyewe mwanzoni, 30 kwa siku moja, hakuna aliyezisoma.

Tatizo la pili: mwenye uwezo alizungumza, mwenzake akatikisa kichwa. Nikawapa majina. Wa kushoto ni Bandari, wa kulia ni Reli. Natangaza nani anaanza. Baadaye simuulizi mtu jibu lake, namuuliza mwenzake kasemaje: "Reli wa dawati la tano, Bandari wako kasemaje?" Hapo ndipo walipoanza kusikilizana. Juzi Reli mmoja alisema, "Madam, kasema hivi, lakini mimi naona kakosea," na Bandari wake akageuka kumtetea, na dawati zima likawa linabishana juu ya desimali: 0.35 na 0.4, kipi kikubwa. Bandari alisema 35 ni kubwa kuliko 4. Reli akamwambia, "Fanya hela. Senti 35 na senti 40." Mfano huo sikuwa nao mimi. Nimeuandika.

15 Agosti: nilivyoviacha

Karatasi za mlangoni: kila mwanafunzi ajibu swali moja kwenye kipande cha karatasi kabla ya kutoka. Wazo zuri, lakini karatasi 71 kila siku zilinimalizia saa mbili za jioni. Sasa ni Alhamisi tu, na sizisahihishi. Nazipanga mafungu matatu, wamepata, wamekaribia, wamepotea, na fungu la tatu ndilo linaloamua Ijumaa nianze na nini. Dakika kumi na tano zinatosha.

Vikundi vya vipande, ile njia aliyoianzisha Elliot Aronson kule Austin, Texas, mwaka 1971, ambapo kila mwanafunzi anajifunza sehemu yake ya somo kisha anawafundisha wenzake wa kikundi. Nilijaribu mara mbili kwa mada ya asilimia. Kwa wanafunzi 71 katika chumba kimoja, kubadilishana vikundi tu kulikula dakika 12, na sehemu za hesabu zinategemeana, huwezi kujua ya tatu bila ya kwanza. Mwenzangu wa Jiografia aliichukua kwa mada yake, kwake imekubali vizuri. Mimi nimeiacha.

12 Septemba: hesabu na hali ya sasa

Fedha yote iliyotoka ni 134,500: plastiki na kalamu 18,000, shuka mbili za hadibodi 44,000, kukata 14,000, rangi ya mafuta isiyofaa 14,000, brashi 3,000, msasa 4,000, rangi ya ubao lita moja na nusu 28,000, chaki boksi tatu za ziada 7,500, manila 2,000. Humo, 46,000 ni makosa yangu: plastiki na kalamu, rangi inayong'aa, msasa wa kuiondoa, na nusu lita iliyofidia ile iliyoganda. Anayeanza leo moja kwa moja na rangi ya ubao na kukaza kifuniko atatumia 88,500 kwa darasa la ukubwa huu. Kama hana hata hiyo, nyuma ya daftari kwa herufi kubwa inafanya kazi. Ni polepole, lakini inafanya.

Vibao vizima ni 69. Vitatu viliharibika kwa mvua na nikavibadilisha, vingine vitatu vimepasuka kwa kuangushwa. Nikipata rangi nitapaka vya akiba.

Jana tulikuwa kwenye milinganyo. Niliandika 2x + 3 = 11, chini yake nikaandika 2x = 8, nikahesabu hadi Segera, nikasema "juu." Nilitafuta yale majibu mawili ya kosa niliyoyatarajia. Kabla sijayaona, dirishani kulikuwa na kibao kimoja kimeinuliwa juu ya kichwa, mikono yote miwili, na alama ya kuuliza imejaa kibao kizima. Nyuma yake zikatokea nyingine sita.

Nikamuuliza yule binti amekwama wapi. Alisimama, akanyoosha kidole ubaoni.

"Madam, mstari wa pili, ile 3 imekwenda wapi?"

Nilikuwa nimeiondoa pande zote mbili kichwani mwangu, bila kuiandika. Nimeuongeza mstari huo kwenye andalio la Jumatatu.